Kipato cha Msanii: Kwa Nini Sekta Inayokua kwa Kasi Haiwanufaishi Wote kwa Usawa

Kila mwaka vijana huhitimu mafunzo ya muziki, maigizo, ngoma, uchoraji, uchongaji na filamu katika vyuo mbalimbali nchini. Wengine wengi huingia katika kazi hizo bila cheti, wakiwa wamejifunza kwa wazee wao, katika bendi, katika vikundi vya maigizo au katika studio za mitaani. Makundi yote mawili hukutana katika soko moja, na swali linalowakabili ni lile lile: je, sanaa inaweza kumlisha mtu, kuwasomesha watoto wake na kumtunza uzeeni?

Makala haya yanaeleza namna kipato cha msanii kinavyopatikana, sababu za tofauti kubwa iliyopo kati ya msanii mmoja na mwingine, na hatua ambazo sheria na taasisi za umma zinampa nafasi ya kuzichukua. Jambo la msingi ambalo mwananchi anapaswa kulifahamu ni kwamba kipaji na cheti, ingawa vyote ni muhimu, havitoshi kueleza tofauti hiyo. Sehemu kubwa yake inatokana na mambo matatu: nani anamiliki haki za kazi, nani ana mkataba wa maandishi, na nani ana mtu wa kumtegemea katika miaka ya mwanzo ambayo kazi haijaanza kulipa.

Ukuaji wa sekta na maana ya takwimu zake

Katika taarifa za hali ya uchumi wa Taifa, shughuli za sanaa na burudani zimekuwa zikitajwa miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi zaidi. Baada ya kushuka mwaka 2020 kutokana na athari za janga la UVIKO-19, shughuli hizo zilikua kwa asilimia 19.4 mwaka 2021 na kwa asilimia 19.0 mwaka 2022. Ni kasi kubwa inayoonesha kuwa mahitaji ya burudani nchini yanaongezeka.

Hata hivyo, takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, mchango wa shughuli hizo katika Pato la Taifa bado uko chini ya asilimia moja, na kitu kidogo kinaweza kukua kwa asilimia kubwa bila kuongeza fedha nyingi mfukoni mwa watu. Pili, kundi hilo la takwimu, kwa mujibu wa mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za kiuchumi, halihusu wasanii peke yao. Linajumuisha pia michezo, kumbi za starehe na michezo ya kubahatisha. Kwa hiyo, mchoraji anayeuza picha zake Oysterbay na kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira wa miguu huhesabiwa katika fungu moja. Tatu, kiwango cha ukuaji hueleza fedha zilizozalishwa kwa jumla, lakini hakielezi zimegawanywaje kati ya waliozizalisha.

Kutoka mshahara wa bendi hadi kazi ya kujitegemea

Ili kuelewa hali ya sasa, inafaa kukumbuka kwamba mwanamuziki wa Tanzania hakuwa akijitegemea siku zote. Katika miongo ya kwanza baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa zilimilikiwa na jumuiya, mashirika ya umma na vyombo vya dola. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni mfano unaojulikana sana. Baadaye bendi hiyo ilibadilika jina kufuatana na mabadiliko ya chama hicho, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa na jumuiya ya vijana nazo zilikuwa na bendi zao.

Katika mfumo huo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vya muziki vilikuwa mali ya mwajiri, na mshahara ulilipwa kila mwezi hata kama ukumbi haukujaa. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini tofauti kati ya mwimbaji mashuhuri na mpiga ngoma haikuwa kubwa pia. Upungufu wake ulikuwa upande wa haki za kazi. Nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki katika maktaba ya redio, na utaratibu wa kumlipa mtunzi kila wimbo unapopigwa ulikuwa dhaifu.

Mageuzi ya kiuchumi na kuruhusiwa kwa vituo binafsi vya utangazaji, kufuatia sheria ya mwaka 1993, kulibadili mambo hayo. Vituo vipya vya redio vilifungua milango kwa vijana waliorekodi katika studio ndogo, na muziki wa kizazi kipya ukapata wasikilizaji wengi. Wakati huohuo, mashirika mengi ya umma yaliacha kugharimia bendi. Ajira yenye mshahara ikapungua, na nafasi yake ikachukuliwa na malipo ya kazi kwa kazi. Tangu hapo, wachache wamepata fedha ambazo mwanamuziki wa mwaka 1970 hakuweza kuziota, na wengi wamepoteza uhakika ambao yeye alikuwa nao.

Kipato cha msanii kinatoka wapi

Msanii wa leo kwa kawaida hana chanzo kimoja cha mapato. Vyanzo vikuu ni hivi vifuatavyo:

Malipo ya onesho, yaani fedha za jukwaani, harusini, hotelini au katika tamasha. Kwa wanamuziki, wachezaji ngoma na waigizaji wa jukwaani, hiki ndicho chanzo cha kwanza.

Mauzo ya kazi yenyewe, kama vile picha, kinyago, kitabu au haki ya kuonesha filamu.

Mirabaha, yaani malipo anayostahili mwenye haki pale kazi yake inapotumiwa hadharani na wengine kama redio, televisheni, hoteli, mabasi na kumbi.

Mapato ya mitandaoni, yakiwemo ya miito ya simu, majukwaa ya kusikilizia muziki na ya kutazamia video.

Matangazo na udhamini, ambavyo humfikia msanii aliyekwisha kujijengea jina.

Kazi nyingine zisizo za sanaa au zilizo karibu na sanaa, kama kufundisha, kilimo, biashara ndogo au upigaji picha wa sherehe. Kwa wasanii wengi kazi hizi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba.

Kiasi kinachotajwa mtaani kuwa ni malipo ya msanii mara nyingi si kipato chake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kikundi cha wanamuziki sita kinakubaliana kupiga muziki harusini kwa shilingi 1,200,000. Kikikodi vyombo kwa shilingi 350,000, kikatumia shilingi 150,000 kwa usafiri na shilingi 100,000 kwa ukumbi wa mazoezi, na kikamlipa meneja asilimia 10 ya malipo yote, yaani shilingi 120,000, kitabakiwa na shilingi 480,000. Kila mwanamuziki atapata shilingi 80,000. Iwapo walifanya mazoezi siku tatu kabla ya siku ya harusi, malipo hayo ni ya siku nne za kazi, sawa na shilingi 20,000 kwa siku. Mwezi wenye harusi mbili utampa shilingi 160,000, na mwezi wa Ramadhani au Kwaresima huenda usimpe chochote.

Hapo ndipo umuhimu wa mirabaha unapoonekana. Malipo ya onesho hukoma taa za ukumbi zikizimwa, lakini mirabaha huendelea kuja hata mtunzi akiwa mgonjwa au amezeeka. Msanii anayetegemea jukwaa peke yake anategemea mwili wake, na yule mwenye haki za kazi yake ana mali.

Kwa nini wachache hupata sehemu kubwa

Wachumi wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1966, William Baumol na William Bowen wa Marekani walieleza kwamba sanaa za jukwaani haziwezi kupunguza gharama za uzalishaji kama viwanda vinavyofanya. Kiwanda kinaweza kununua mashine na kuzalisha mara kumi zaidi kwa wafanyakazi walewale, lakini mchezo wa kuigiza wenye wahusika wanane bado unahitaji watu wanane na muda uleule. Mishahara ya sekta nyingine inapopanda, kikundi cha maigizo hulazimika kuchagua kati ya kupandisha kiingilio, kutafuta mfadhili au kuwalipa wasanii wake kidogo.

Mwaka 1981, mchumi mwingine wa Marekani, Sherwin Rosen, alieleza upande wa pili wa jambo hilo. Teknolojia ya kurekodi na kusambaza humwezesha msanii mmoja kuwafikia mamilioni ya watu bila kurudia kazi. Kwa kuwa msikilizaji hulipa bei ileile kumsikiliza anayempenda zaidi au anayemfuatia, wengi humchagua wa kwanza. Tofauti ndogo ya ubora, au hata ya umaarufu tu, huzaa tofauti kubwa mno ya mapato. Simu za mkononi na majukwaa ya mitandaoni vimeiongezea hali hiyo nguvu. Wimbo wa kijana wa Mtwara unaweza kusikika Nairobi, Lubumbashi na Muscat siku ileile unapotoka, lakini unashindania masikio ya wasikilizaji dhidi ya nyimbo za dunia nzima.

Nguvu hizo mbili, ya gharama zisizopungua jukwaani na ya soko linalowapa washindi wachache sehemu kubwa, zinatosha kueleza kwa nini sekta inaweza kukua huku msanii wa kawaida akibaki pale alipokuwa.

Elimu ya sanaa na soko la ajira

Tanzania ina historia ndefu ya mafunzo rasmi ya sanaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na mwaka 2007 kikawa wakala wa Serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada katika sanaa za ubunifu. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha taarabu, ngoma na vyombo kama kanuni, udi na fidla tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mafunzo hayo humpa mhitimu ustadi, nidhamu na mtandao wa watu. Hata hivyo, hayampi ajira moja kwa moja kama yanavyofanya mafunzo ya uuguzi au ualimu, kwa sababu sekta yenyewe ina waajiri wachache. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ana jambo jingine la kuzingatia. Mwajiriwa hukatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara wake kurejesha mkopo, lakini aliyejiajiri anawajibika kuwasilisha marejesho mwenyewe, hata kama mapato yake huja kwa msimu.

Uhusiano kati ya shahada ya sanaa na kipato umepimwa kwa kina zaidi katika nchi ambazo zimeunganisha kumbukumbu za mikopo ya wanafunzi na kumbukumbu za kodi. Uingereza ni miongoni mwa nchi hizo. Utafiti wa taasisi ya Institute for Fiscal Studies uliotolewa mwaka 2016, uliofuatilia wahitimu kwa hadi miaka kumi baada ya masomo, ulionesha kwamba wahitimu wa sanaa za ubunifu walikuwa na kipato cha chini kuliko wahitimu wa fani nyingine, na kwamba kwa wastani hawakupata zaidi ya watu wasio na shahada. Utafiti wa taasisi hiyohiyo wa mwaka 2020, uliokadiria kipato cha maisha yote ya kazi, ulionesha kwamba kwa wanaume shahada ya sanaa za ubunifu ilikuwa, kwa wastani, na faida hasi ya kifedha.

Utafiti wa mwaka 2016 ulikuwa na tokeo la pili ambalo uzito wake kijamii ni mkubwa. Wahitimu waliosoma fani ileile katika chuo kilekile hawakupata kipato sawa. Waliotoka katika familia zenye uwezo walipata takriban asilimia 10 zaidi ya wenzao, wakilinganishwa watu walio katikati ya kila kundi. Maana yake ni kwamba cheti kimoja kina thamani tofauti sokoni kulingana na nyumba anakotoka aliyekishika.

Matokeo hayo ni ya Uingereza na hayawezi kuhamishiwa Tanzania kama yalivyo, kwa kuwa soko la ajira na idadi ya wahitimu ni tofauti. Funzo linalovuka mipaka ni kwamba ada na udahili ni mlango wa kwanza tu. Baada ya kuhitimu kuna mlango wa pili, nao haufunguki kwa wote kwa urahisi uleule.

Nani anaweza kusubiri

Karibu kila kazi ya sanaa huanza na kipindi kisicho na malipo. Mwigizaji hujitolea katika kikundi, mwanamuziki mchanga hulipia studio kwa fedha zake, mtengeneza filamu hukopa kamera, na mchoraji hununua rangi na turubai kabla ya kuuza picha ya kwanza. Kipindi hicho kinaweza kuchukua miaka. Anayeweza kukivuka si lazima awe mwenye kipaji kuliko wote. Mara nyingi ni yule ambaye wazazi wake wana nyumba mjini na ambaye kutopata kitu mwezi huu hakumlazi na njaa yeye wala wadogo zake.

Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu usawa katika sekta ya ubunifu ulionesha kwamba ni asilimia 18.2 tu ya wanaofanya kazi katika muziki, sanaa za jukwaani na sanaa za uoni waliotoka katika familia za tabaka la wafanyakazi. Katika uchapishaji wa vitabu ilikuwa asilimia 12.6 na katika filamu, televisheni na redio asilimia 12.4. Utafiti mwingine wa mwaka 2022 ulionesha kuwa sehemu ya watu wa tabaka hilo katika kazi za ubunifu ilikuwa asilimia 16.4 kwa waliozaliwa kati ya mwaka 1953 na 1962, ikashuka hadi asilimia 7.9 kwa kizazi cha vijana. Watafiti walieleza kuwa sehemu ya upungufu huo inatokana na kupungua kwa tabaka lenyewe katika jamii. Nafasi hazikuwahi kuwa sawa, hata katika miaka inayokumbukwa kuwa ya neema.

Nchini Tanzania, vizuizi vya namna hiyo vina sura zake. Cha kwanza ni mahali. Studio, vituo vikubwa vya redio na televisheni, mawakala na wadhamini wengi wako Dar es Salaam, na msanii wa Kigoma au Lindi hulazimika kulipia safari na malazi kabla hajasikilizwa. Cha pili ni ada. Mwaka 2019, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilieleza hadharani kuwa kiko hatarini kufungwa kwa uhaba wa fedha, huku wanafunzi wengi wakishindwa kumudu ada ndogo ya kila mwezi. Cha tatu ni jinsia. Kazi za usiku, safari za mbali na mtazamo wa baadhi ya familia kwamba jukwaa si mahali pa mtoto wa kike huwapunguzia wanawake muda wa kufanya kazi, na hivyo kipato. Cha nne ni ujuzi wa karatasi. Kijana aliyekulia karibu na wanasheria, wahasibu au wafanyabiashara hujua wa kumuuliza kabla ya kutia saini, na asiye na mtu wa namna hiyo husaini kwa kuamini.

Historia ya uchoraji wa Tingatinga inaonesha mchango ambao mtu asiye na vitu hivyo anaweza kuutoa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alihamia Dar es Salaam kutafuta kazi, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za kawaida za kung'aa juu ya mbao nyembamba za mraba, akiuza picha zake kwa wapita njia. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya uchoraji. Mtindo wake umeenea duniani na jina lake limekuwa jina la aina nzima ya sanaa. Mwaka 1990 wachoraji waliomfuata walisajili ushirika wao, hatua iliyowapa sauti ya pamoja ambayo mchoraji mmojammoja hakuwa nayo.

Sheria inampa msanii nini

Sheria kuu inayolinda kazi za sanaa Tanzania Bara ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1966. Mambo yafuatayo katika sheria hiyo yana uhusiano wa moja kwa moja na kipato.

Ulinzi wa hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa. Usajili si sharti la kuwa na haki, bali humsaidia mwenye kazi kuthibitisha umiliki pale mgogoro unapotokea na humwezesha kutambuliwa katika ugawaji wa mirabaha.

Haki za kiuchumi za mtunzi hudumu kwa maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo, haki hizo ni sehemu ya mirathi kama ilivyo nyumba au shamba. Familia isiyojua kuwa marehemu alikuwa na haki hizo huziacha zikiwanufaisha wengine.

Watendaji, kama waimbaji na wapiga vyombo ambao hawakutunga wimbo, wana hakishiriki katika utendaji wao. Ni jambo la kuzingatia kwa wapiga vyombo wengi ambao hulipwa mara moja studio na kudhani kuwa hawana haki nyingine.

Chini ya sheria hiyo ilianzishwa COSOTA, taasisi ya hakimiliki yenye jukumu la kusimamia haki hizo. Mwezi Januari mwaka 2022, taasisi hiyo iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja ambao nyimbo zao zilipigwa redioni. Ilikuwa hatua muhimu kwa kuwa ilionesha kwamba mfumo unaweza kufanya kazi. Pamoja na hayo, endapo fedha hizo zingegawanywa sawasawa, kila mmoja angepata kiasi cha takriban shilingi laki tatu, na kwa kuwa mirabaha hufuata idadi ya mara ambazo kazi imetumiwa, wengi hupata pungufu ya hapo. Marekebisho ya sheria yaliyofuata yaliruhusu kampuni za usimamizi wa pamoja wa haki kupewa leseni ya kukusanya na kugawa mirabaha, huku taasisi ya umma ikibaki na jukumu la usimamizi.

Kiasi cha mirabaha hutegemea watumiaji wa kazi. Hoteli, baa, basi, saluni au duka linalopiga muziki kuvutia wateja linatumia mali ya mtu katika biashara, na ada ya leseni linayolipa ndiyo chimbuko la mirabaha. Mwenye biashara anayeikwepa anapunguza kipato cha mtunzi kama vile anavyofanya asiyelipia umeme kwa shirika.

Mgawanyo ndani ya mnyororo wa biashara ni suala jingine. Nchini Kenya, kwa miaka mingi wanamuziki walilalamikia sehemu ndogo waliyopata katika mapato ya miito ya simu. Sheria ya Marekebisho ya Hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 2022 iliweka kwamba mwenye haki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo. Mfano huo unaonesha kuwa mgawanyo wa mapato ya mitandaoni hutegemea makubaliano na sheria kama ulivyo mgawanyo mwingine wowote.

Uzeeni, ugonjwani na miezi isiyo na kazi

Si jambo geni kwa jamii kuombwa mchango wa matibabu kwa ajili ya msanii ambaye kazi zake bado zinapendwa. Chanzo chake ni kwamba msanii anayejitegemea hana mwajiri wa kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1980 kuhusu hadhi ya msanii lilizitaka nchi wanachama kumtambua msanii kama mfanyakazi mwenye kustahili ulinzi wa kijamii, na nchi zimelitekeleza kwa njia tofauti. Ufaransa ina utaratibu maalumu unaompa msanii wa jukwaani na fundi wa filamu fidia ya vipindi visivyo na kazi endapo amefanya kazi kwa saa 507 ndani ya miezi 12. Ireland ilianza mwaka 2022 jaribio la kuwapa wasanii 2,000, waliochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waombaji wenye sifa, yuro 325 kwa wiki kwa kipindi cha miaka mitatu.

Nchini Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea michango ya hiari ya watu waliojiajiri, wakiwemo wasanii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima. Aidha, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wadau wa sekta, ambayo inaweza kumsaidia asiye na familia ya kumwezesha kununua vifaa. Mkopo, hata hivyo, ni deni. Unamfaa zaidi yule ambaye tayari ana mkataba au soko la kazi anayokusudia kuifanya.

Mambo ya kuzingatia

Kwa msanii na mhitimu wa sanaa, hatua zifuatazo zina gharama ndogo zikilinganishwa na hasara inayotokana na kutozichukua:

1. Kusajili kazi mapema katika taasisi ya hakimiliki, na kuandika majina ya watunzi na watendaji wote pamoja na sehemu ya kila mmoja kabla kazi haijatoka.

2. Kutotia saini mkataba usioeleza mambo manne: haki zipi zinatolewa, kwa muda gani, katika maeneo gani, na kwa malipo gani. Kuuza haki zote moja kwa moja ni tofauti na kutoa kibali cha kuzitumia.

3. Kutunza kumbukumbu za malipo na gharama. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazohitajika na mamlaka ya kodi na taasisi ya mikopo, na ndizo zitakazomwonesha msanii mwenyewe kama kazi inamlipa.

4. Kujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) au Bodi ya Filamu, kulingana na aina ya kazi, na kujiunga na chama au ushirika wa fani husika.

5. Kuchangia hifadhi ya jamii na bima ya afya katika miezi yenye kipato, hata kwa kiwango cha chini.

6. Kuiarifu familia kuhusu kazi zilizosajiliwa na mikataba iliyopo, ili haki zisipotee baada ya kifo.

Mzazi ambaye mtoto wake anataka kusoma sanaa anapaswa kuuliza, pamoja na ada, kama chuo kinafundisha mikataba, hakimiliki na usimamizi wa fedha. Mfanyabiashara anayetumia muziki au picha ana wajibu wa kulipia leseni. Mwajiri wa kikundi kwa ajili ya sherehe atende haki kwa kulipa sehemu ya malipo mapema, kwa kuwa gharama za kikundi huanza kabla ya siku yenyewe.

Sekta ya sanaa itaendelea kukua, na itaendelea kuwa na watu wachache wenye mapato makubwa, kwa kuwa hiyo ni tabia ya soko lake. Kinachoweza kubadilika ni hali ya wanaobaki: mpiga gitaa, mwigizaji wa pili, mchoraji wa mkoani, binti aliyehitimu na hana ndugu mjini. Kwa watu hao, mkataba uliosomwa kabla ya kusainiwa na jina lililoandikwa katika daftari la hakimiliki vitaamua kama kazi waliyoifanya ujanani itakuwa na cha kuwapa wakiwa wazee.